Vikombe Kumi kwa Kilo

Uji ulikuwa umechemka robo saa nzima, na bado mwiko ulipita ndani yake kama unakoroga maji ya mchele. Niliuinua juu ya sufuria. Matone yakadondoka mepesi, moja moja, bila kuvutika. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika jiko la nyumba ya wageni pale Ng'ambo, mjini Tabora, nilikokuwa mpishi. Vyumbani walilala wageni ishirini na watano waliokuwa wakifuata njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Gari lao lilipaswa kuondoka saa moja.

Hawakuwa watu wa makuu. Chapati na mayai waliyakataa kwa adabu, wakaomba uji wa oti tu, nao oti walikuja nazo wenyewe, zimemiminwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Mkalimani wao aliniachia karatasi iliyoandikwa vizuri: oti kilo moja, maji na maziwa lita sita, chumvi kidogo. Nilisoma mara moja nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mizani jikoni haikuwepo. Nilikuwa na kikombe cha bati cha robo lita, nilichokitumia kwa kila kitu. Nikapiga hesabu ya haraka: robo lita ni robo kilo, kwa hiyo vikombe vinne ni kilo moja. Nikachota vikombe vinne, nikamimina, nikawasha moto.

Nilipoona uji haushikamani nikaanza kuongeza oti kwa konzi. Konzi mbili, tatu, tano. Zile za mwanzo zilikuwa zimeiva na kulainika, za mwisho zikaelea mbichi juu, zikafanya madonge. Sina hakika niliongeza kiasi gani, maana mtu anayepika kwa hofu hahesabu. Wageni walikula, wakashukuru, wakaacha nusu ya mabakuli. Mama mmoja mtu mzima, mwenye mvi, alikuja mpaka mlangoni mwa jiko akanishika bega akisema neno ambalo sikulielewa, na uso wake ulikuwa wa huruma. Ile huruma iliniuma kuliko kama angelalamika.

Kwetu oti ni chakula cha dukani. Unyamwezi hazilimwi, kwa sababu zinataka baridi, na watu wengi huziita shayiri ingawa shayiri ni nafaka nyingine. Hutufikia zikiwa zimepikwa kwa mvuke na kupondwa bapa, kila punje imegeuka kipande chembamba kama ganda la kitunguu lililokauka. Kwa hiyo ningeweza kujisamehe kwamba nilikutana na kitu kigeni. Ila sikuweza, kwa sababu nililelewa na mwanamke aliyeishi kwa kupima.

Bibi yangu mzaa mama aliuza ulezi, mchele na karanga soko kuu la Tabora tangu kabla sijazaliwa. Mtaji wake ulikuwa magunia matatu yaliyokunjwa midomo, ungo, na kopo moja la maziwa ya unga ambalo rangi yake ilikuwa imefutika kwa kushikwa. Nilikaa naye pale siku za Jumamosi na likizo zote. Alikuwa na maneno mawili aliyoyapata kwa wazee wake, na mimi sikuyasikia kwa muuzaji mwingine: mfuto na tele. Mfuto ni kipimo kilichojazwa kisha kikafutwa juu, kikawa sawa na ukingo. Tele ni kile kilichojazwa mpaka kikaota kichwa, nafaka zikaanza kuteremka zenyewe pembeni. Waswahili wa pwani walipima hivyo hivyo kibaba na pishi: kibaba cha mfuto, kibaba cha tele, na vibaba vinne vikifanya pishi moja. Bei ilikuwa ya kopo, lakini kopo lilikuwa mawili ndani ya moja.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, alinituma kwa jirani aliyekuwa na mashine ya kukoboa nikamletee debe la pumba za kuku. Nilikwenda nikiogopa, kwa kuwa debe la mchele sikuwahi kuliinua hata kidogo. Debe la pumba nililibeba kichwani nikiimba. Bibi alinipokea akicheka, akaniambia, "Pumba debe, mchele debe. Sasa mama, nenda kamwambie mwenye mashine akupe mchele kwa bei ya pumba." Alikuwa akiniita mama, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Kisha akachukua kopo lake, akalijaza pumba, akaniwekea mkono mmoja. Akalijaza mchele, akaniwekea mkono wa pili. "Shika hivyo hivyo mpaka uchoke." Mkono wa mchele ulichoka. Huo wa pumba ningeweza kuunyoosha mpaka magharibi.

Hilo ndilo somo nililolisahau mbele ya ndoo ya oti. Nafaka iliyopondwa bapa inajikunyata na kuegemeana, huku hewa ikijaa katikati. Inakalia nafasi kubwa, uzito wake mdogo. Iko karibu na pumba kuliko na mchele.

Siku iliyotangulia uji ule nilikuwa nimewafuata wageni wale mpaka Kwihara, nje kidogo ya mji, nikiwa na vyombo vya chakula cha mchana. Hapo ndipo lilipo tembe walimokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, na baada ya Stanley kwenda zake pwani mzee Livingstone alibaki kwa miezi kadhaa akisubiri wapagazi, wakafika Agosti. Siku hizi ni makumbusho. Nilikaa kwenye kivuli nikisikiliza maelezo, na jambo lililonigusa halikuwa la hao wazungu wawili. Lilikuwa la mizigo.

Msafara ulikuwa na vipimo vyake kwa kila kitu. Nguo zilihesabiwa kwa mikono: shuka ni mikono minne, na shuka mbili ni doti. Pembe za ndovu na shanga zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Mnyamwezi aliyetoka hapa akateremka mpaka Bagamoyo na kurudi alikuwa na kilo thelathini na zaidi begani kila siku ya safari. Na chakula chake, kile kilichoitwa posho, kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku.

Yaani yule mtu alibeba kwa mizani na akala kwa chombo. Uzito wa mzigo haukubadilika: pembe ya frasila mbili ni frasila mbili iwe asubuhi au jioni, ipimwe na mkarimu au na bahili. Kibaba ni kitu kingine. Kibaba cha mtama kinashibisha, ila kibaba cha mpunga ambao haujakobolewa kina maganda ndani yake, na maganda hayaliwi. Kibaba cha tele ni kingine na cha mfuto ni kingine. Kiongozi wa msafara angeweza kuwapunja watu wake bila kuvunja ahadi ya kibaba hata siku moja. Ilitosha afute kwa kiganja. Nimewaza sana juu ya jambo hili tangu siku ile, na sioni kama ni jambo dogo. Nusu ya historia ya mji wetu imebebwa mabegani mwa watu waliokuwa wakiutazama mkono wa mgawaji kabla ya kutazama kingine chochote.

Neno posho tumebaki nalo. Wanaokwenda semina hulipokea kwenye bahasha, na Uganda ni jina la ugali wenyewe. Kupunjana nako tumebaki nako, ingawa siku hizi mwenye kupunjwa mara nyingi ni mkulima: gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, huuzwa kwa jina la gunia moja. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umeipiga vita lumbesa miaka nenda miaka rudi. Lumbesa ni ile tele ya bibi yangu iliyogeuzwa, anayeijaza akawa mnunuzi.

Lakini nirudi kwenye kosa langu, maana lilikuwa na mzizi na nilitaka kuuona. Kwa nini nilisadiki kwamba robo lita ni robo kilo? Kwa sababu ya maji. Mwaka 1795 Wafaransa walipoweka vipimo vyao vipya waliviunganisha kwa maji: lita ni mchemraba wa sentimita kumi kila upande, na maji ya kujaza mchemraba huo ndiyo yaliyotoa uzito wa kilo. Tulipofundishwa shuleni kwamba lita moja ya maji ina kilo moja, tuliandika, tukasahihishwa, tukapita. Neno "ya maji" likadondoka njiani. Likabaki "lita ni kilo."

Tabora ndipo mtu anapopaswa kulikataa hilo mapema kuliko kwingine, kwa sababu ya asali. Nchi yetu ni ya miombo na mizinga. Kila muuza asali wa hapa anajua kwamba dumu la lita ishirini likijazwa asali linakaribia kilo 28, na anayeuza kwa lita kwa bei ya kilo amejiibia mwenyewe. Asali ni nzito kuliko maji na oti ni nyepesi kuliko maji, na kikombe changu cha bati kilizipokea zote mbili bila kusema lolote.

Jioni ya siku ya uji nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye duka mtaani kwetu. Alikuwa na mizani ya mawe, ile yenye sahani mbili na mkono wa chuma katikati. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu bila kuficha. Hakunicheka. Alinipisha nyuma ya meza, akayapanga mawe yake kwa ukubwa, akaniambia, "Pima, binti yangu. Mimi nitaandika." Nilikuwa nimebeba oti zilizobaki, sukari, unga wa ngano, mchele, karanga na chupa ya asali.

Kwanza nilipima kikombe kimoja cha oti: nilizimimina taratibu bila kuzishindilia, nikafuta kwa mgongo wa kisu. Mfuto. Jiwe la gramu 100 likasimama nazo sawa. Nilitazama ile sahani kwa muda. Gramu mia, pale nilipoandika kichwani mia mbili na hamsini.

Mzee akasema kikombe kimoja hakitoshi, mkono hutetemeka. Tukapima mpaka kilo ijae. Vikombe kumi. Asubuhi nilikuwa nimeweka vinne. Uji wa watu ishirini na watano nilikuwa nimeupikia chakula cha watu kumi.

Kisha tukafanya ambalo hakuna karatasi ya mapishi iliyowahi kuniambia nilifanye: tukapima upya oti zile zile kwa mikono tofauti. Nilipokigonga kikombe mezani kila nilipokuwa nakijaza, oti zilikaa chini, na kilo ikatimia kwa vikombe tisa. Nilipopima kwa tele, vinane vikatosha. Zile za chini kabisa ya ndoo, zilizovunjika na kuwa chenga kwa sababu ya safari, zilikuwa nzito zaidi kwa kikombe, maana vipande vidogo havina hewa nyingi katikati. Ndiyo sababu pia oti za kuiva haraka, ambazo hukatwa ndogo, hujaza kikombe kwa uzito unaozidi kidogo ule wa oti kubwa. Na ndiyo sababu mtu akifungua kopo jipya la oti hukuta halikujaa mpaka juu: liliuzwa kwa uzito, na mtikisiko wa safari umezikalisha chini.

Vingine vilikwenda haraka. Sukari, karibu vikombe vitano kwa kilo. Mchele hivyo hivyo. Unga wa ngano, kama vinane. Karanga zilizomenywa, karibu saba. Asali haikufika vikombe vitatu. Mzee aliandika yote kwenye boksi la sabuni alilolichana, na kipande kile cha boksi kilikaa ukutani mwa jiko lile mpaka nilipoacha kazi. Nilikiomba nikaondoka nacho.

Tangu hapo nimepika oti mara nyingi kuliko nilivyodhani nitapika, na hesabu ninayoitumia ni moja. Gramu moja ya oti inakalia mililita mbili na nusu. Basi nikipewa uzito, nazidisha kwa mbili na nusu nipate ujazo: gramu 40 za mtu mmoja ni mililita 100, gramu 200 ni nusu lita. Nikipewa ujazo, nagawanya kwa mbili na nusu nipate uzito. Kikombe cha vitabu vya Marekani ni kidogo kuliko changu, kina kama mililita 237, na ndani yake huingia karibu gramu 95. Mabinti wa siku hizi huniuliza juu ya tofauti hiyo kwa wasiwasi mkubwa. Nawaambia waiache, ni gramu tano tu. Mkono unaojaza tele leo na mfuto kesho unaharibu zaidi.

Na hilo la mkono halikuwa letu peke yetu. Boston, mwaka 1896, mwalimu wa upishi Fannie Farmer alichapisha kitabu kilichoshikilia kwamba kikombe na kijiko vipimwe vikiwa vimefutwa juu. Wamarekani wanamkumbuka kwa hilo mpaka leo. Niliposoma habari zake nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Mfuto! Pwani yetu ilikuwa na neno lake tayari, na hata tele, ambayo yeye hakuitaka, ilikuwa na jina na heshima yake.

Kuna mtego mwingine ulionichukua muda. Karatasi ikisema "kikombe kimoja cha oti zilizosagwa" na nyingine "kikombe kimoja cha oti, kisha uzisage," hayo ni mambo mawili. Ukisaga kikombe kizima cha oti unapata unga wa robo tatu ya kikombe hivi, kwa kuwa hewa imetoka. Uzito haujapungua hata chembe. Anayetaka kikombe kamili cha unga lazima asage zaidi ya kikombe. Niliunguza trei mbili za keki kabla ya kuliona hili, moja ikiwa ya harusi ya mdogo wangu.

Siku hizi chakula ninachokipenda kukitengeneza kwa oti ni vitafunwa vya asali ya Tabora na karanga. Oti gramu 300, karanga za kukaanga zilizopondwa 150, asali 150, samli vijiko vitatu, chumvi ya kubana kwa vidole. Oti zinakaangwa kwanza kavu mpaka zinukie, zinachanganywa na asali iliyopashwa moto, zinashindiliwa kwenye sufuria pana, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi juu ya kifuniko. Kwa kikombe changu hayo ni oti vikombe vitatu, karanga kimoja, na asali chini kidogo ya nusu. Ukiyatazama kwa macho utadhani asali haitatosha na utaongeza. Usiongeze. Katika mizani, hiyo "chini kidogo ya nusu" ina uzito sawa na karanga zote.

Bibi hakuwahi kuvionja vitafunwa hivi. Alikwishatangulia. Kopo lake liko kwangu, mama alinipa baada ya arobaini, likiwa na upande mmoja uliobonyea pale kidole gumba chake kilipokaa. Kwa miaka mingi niliweka ndani yake vifungo na sindano. Mwaka juzi nilinunua mizani ndogo ya betri, inayosoma mpaka gramu moja, na siku niliyoileta nyumbani nilivimwaga vile vifungo kitandani, nikaliosha kopo, nikalianika.

Nilipima kwa ulezi, kwa kuwa ndio aliouza zaidi. Mfuto kwanza: nikajaza, nikafuta, nikasoma, nikaandika. Kisha nikajaribu tele. Hapo mikono yangu ilikuwa mizito. Bibi alikuwa akishika kopo kwa mkono wa kushoto, kiganja cha kulia amekizungusha ukingoni kama ukuta, nafaka zikapanda juu ya ukuta huo mpaka zikakaribia kumwagika. Ndipo akakitoa kiganja polepole, kichwa kikabaki. Baada ya kumimina kwenye mfuko wa mteja alichota tena kwa vidole vitatu, akatupia juu. Kila mteja. Hata wale waliomlipa nusu, hata wale ambao hawakurudi.

Tele pamoja na vidole vitatu ilizidi mfuto kwa gramu 140. Nikarudisha ulezi ndooni, nikasogeza mizani karibu na dirisha, nikazungusha kiganja ukingoni mwa kopo, nikaanza kujaza upya.